Jumanne za Kusubiri Gari

Gari halikuzima. Hilo nililazimika kulieleza mara nyingi baadaye, kwa watu wengi waliovaa mashati yenye nembo ya kampuni. Liliishiwa nguvu tu, kama mtu anayepanda mlima akajikuta hana pumzi. Lilikuwa bado jipya, viti bado vikinuka harufu ya dukani. Tulikuwa tumekiacha kijiji cha Kisiwani nyuma na barabara imeanza kupanda milima ya Upare kuelekea Mamba. Nyuma nilikuwa nimebeba saruji ya ujenzi wa kanisa, na mbele nilikaa na mama mmoja wa kikundi cha wakulima wa tangawizi. Taa ndogo ya manjano ikawaka kwenye dashibodi. Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini gari likawa linatambaa.

"Mwalimu, mbona tunakwenda kama tunasindikiza bibi harusi?" mama yule akaniuliza.

"Sijui," nikamwambia.

Nikasimama, nikazima, nikangoja kidogo, nikawasha tena. Taa haikuwepo. Tukapanda vizuri mpaka juu, tukashusha saruji, tukapakia tangawizi, tukateremka Same kama vile hakuna kilichotokea. Nikajiambia ni joto.

Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, na mume wangu alifariki mwaka huohuo niliostaafu. Watoto wangu wawili wana maisha yao, wa kike yuko Mwanza na wa kiume Dodoma, na wananipigia Jumapili baada ya ibada. Nyumba yetu iko Same mjini, nyuma ya barabara kuu. Mchana kutwa unasikia malori yanayokwenda Arusha na upepo unaokokota vumbi kwenye mabati. Kwa miaka mingi sikuwahi kuusikia upepo ule. Nyumba ilikuwa na watu. Baada ya msiba, wageni walipokwisha kuondoka, ndipo nilipoanza kuusikia.

Gari lenyewe, pikapu, nililichukua kwa mkataba wa kampuni ya fedha. Unatanguliza kiasi, unalipa kila mwezi huku unalitumia, na mkataba ukiisha unaamua kulimiliki au kulirudisha. Sehemu ya mafao yangu ndiyo iliyokwenda kwenye kutanguliza. Mwanangu wa kiume hakupenda. "Mama, umefanya kazi maisha yako yote, sasa pumzika," aliniambia. Sikuweza kumweleza kwamba kupumzika ndiko nilikokuwa nakuogopa. Nilimwambia wakulima wa Mamba wanahangaika kuteremsha mazao, nami nimezaliwa kule na barabara naijua. Yote hayo ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilitaka mtu akae kwenye kiti cha pembeni aongee.

Na waliongea. Nilibeba akina mama wa tangawizi, nikabeba wagonjwa wanaokwenda hospitali ya wilaya, nikabeba maharusi na majeneza. Ndani ya gari lile nilisikia habari za milima yote, nani ameposwa, nani amegombana na nduguye juu ya mfereji wa maji. Walianza kwa Kiswahili kwa heshima ya ualimu wangu, na kufika Kisiwani wote walikuwa wamehamia Chasu, lugha yetu ya Upare. Nikirudi nyumbani jioni nilikuwa na habari za kutosha kunifikisha asubuhi.

Kwa hiyo taa ile ya manjano ilipowaka mara ya pili, na mara ya tatu, niliiogopa kuliko gharama ya kuitengeneza. Nikawapigia walioniuzia, kampuni yenye duka na gereji pale Moshi. Wakasema nililete, gari bado liko kwenye garantii.

Fundi alichomeka kompyuta yake, akasoma, akasema ni sensa, kidude kinachoipimia injini. Wakabadilisha. Nikarudi Same nikiwa nimefurahi. Safari iliyofuata ya Mamba, mlima uleule, gari likaishiwa nguvu tena. Nikarudi Moshi. Wakabadilisha sensa nyingine na bomba la hewa. Gari likatambaa tena. Mara hiyo akina mama waliokuwa nyuma wakashuka wenyewe bila kuambiwa, wakatembea pembeni yake wakipiga soga, na mmoja akanipita.

Ndipo gereji waliposema niliache. Kuna kifaa kinaagizwa, na vifaa vinafika na lori kutoka Dar es Salaam Jumatatu. "Tutakupigia," alisema binti wa mapokezi. Hawakupiga. Nikipiga mimi, simu inaimba wimbo wa kampuni mpaka inakatika. Nikaamua kwamba kila Jumanne nitapanda basi niende mwenyewe.

Wakati huohuo niliwapigia wale wa kampuni ya fedha, ambao ndio wenye mkataba. Nilitaka kujua kama malipo ya mwezi yanaweza kusimama kwa kuwa gari liko gereji. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana.

"Mama, sisi siyo gereji. Gereji ni kampuni nyingine."

"Lakini ninyi ndio mlionipeleka kwao."

"Ni kweli, mama. Lakini mkataba hausimami gari likisimama."

Alilisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulisema siku hiyo kwa wengine. Nikamshukuru, nikakata. Nikaendelea kulipa kutoka kwenye pensheni gari nisilokuwa nalo.

Nyumbani, mahali nilipokuwa naliegesha palibaki alama za magurudumu mpaka upepo ulipozifuta. Akina mama wa Mamba walipiga simu mwanzoni kuuliza, kisha wakapata mtu mwingine mwenye gari kuukuu lakini linalopanda. Siwalaumu, tangawizi haingoji. Nilipika makande kwa sufuria ileile niliyozoea, nikala siku nne chakula kilekile, nikagundua kwamba sijui kupika kidogo.

Chumba cha kusubiria pale Moshi kilikuwa na makochi meusi, televisheni isiyotoa sauti, chombo cha maji ya baridi na moto, na kioo kikubwa kinachokuonyesha magari yakiwa yameinuliwa juu, matumbo wazi. Kiyoyozi kilikuwa kikali mpaka nikajifunza kwenda na mtandio. Jumanne ya kwanza nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kona, kanzu nyeupe, kofia iliyoshonwa kwa mkono, viatu vimepangwa pembeni kana kwamba ameingia nyumbani kwa mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Kaa upande huu, ule wa pale unapigwa na baridi."

Nikakaa. Akaniuliza gari langu linaumwa nini. Alitumia neno hilo, kuumwa. Nikamweleza habari za mlima. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuna mwenye shati la nembo aliyekuwa amelifanya. Kisha akaniambia yeye ni mkulima wa Bendera, huko chini upande wa Mkomazi, na babu zake walifanya biashara kwenye njia ile ya kwenda pwani tangu zamani. Gari lake walimchukulia wanawe walioko Dar, kwa mkataba kama wangu, ili baba asipate shida ya usafiri. Lilikuwa gari dogo, na usukani wake ulikuwa unatetemeka.

"Mimi nilitaka baiskeli nzuri," alisema. "Wakaleta gari."

Kila baada ya muda aliinuka, akavaa viatu, akaenda mapokezi. "Bado, binti yangu?" Na binti wa mapokezi alimjibu kwa upole, "Bado, mzee. Vuta subira." Akarudi, akavua viatu, akakaa.

Jumanne iliyofuata alikuwepo. Na iliyofuata. Nilianza kwenda na makande kwenye hotpoti, na yeye alikuja na ndizi mbivu au mahindi ya kuchemsha aliyonunua njiani Mwanga. Tulikula palepale, na binti wa mapokezi tukampelekea sahani. Tuliongea juu ya mvua za vuli zilivyochelewa, juu ya tembo wanaotoka hifadhini na kuingia mashambani kwao, juu ya watoto wanaopiga simu na kuuliza, "Unaendeleaje, mama?" huku unasikia wanaandika kitu kwenye kompyuta. Alinieleza namna marehemu mkewe alivyokuwa akipika wali wa nazi, nami nikamweleza namna marehemu mume wangu alivyokuwa akisoma gazeti la jana kwa sababu la leo lilifika Same jioni. Hatukuonekana kama watu wenye huzuni. Tulicheka sana. Kuna siku fundi aliyekuwa chini ya gari alichungulia kupitia kioo kuona kinachochekesha.

Nilianza kuvaa kitenge kizuri siku za Jumanne. Nililiona hilo lakini sikulifikiria.

Siku moja nilichoka. Kifaa kilikuwa kimefika na kufungwa, na fundi mkuu, mtu wa makamo mwenye miwani, alikuja kunieleza kwamba gari sasa ni zima. Wamelijaribu mpaka Himo na kurudi. Nikamuuliza kama walilipandisha mlima likiwa na mzigo. Akasema haikuhitajika, kompyuta haionyeshi tatizo. Nikalichukua, nikapanda nalo Mamba, likaishiwa nguvu palepale. Jumanne nililirudisha, na nikasimama mapokezi nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuionyesha hata darasani.

"Na siyo mimi tu," nilimwambia yule binti. "Mnamzungusha hata yule mzee. Mtu wa umri ule, kutoka Bendera, wiki baada ya wiki, na ninyi mnamwambia vuta subira."

Mzee alikuwa bado hajafika. Binti akatazama mlangoni, kisha akainama kwenye kaunta.

"Mama, gari la mzee lilishapona," alisema kwa sauti ya chini. "Lilipona hata kabla wewe hujaanza kuja. Huwa analiegesha kule nyuma, karibu na ukuta. Anakuja tu. Meneja alisema tumwache."

"Lakini anakuuliza. Kila mara anakuuliza."

"Ananiuliza, na mimi namjibu."

Nikaenda kukaa. Mwanzoni nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka anavyoinuka, anavyovaa viatu, anavyotembea mpaka kaunta na kurudi akitikisa kichwa. Alipoingia nilimwamkia kama kawaida, akauliza hali ya gari, nikamweleza. Akaenda mapokezi. Akarudi.

"Bado," akasema.

"Ndivyo walivyo," nikamjibu.

Nilimtazama akipanga viatu vyake pembeni ya kochi, na nikajua sitamwambia kwamba najua. Mimi nilikuwa na sababu halali ya kuwa pale, na hiyo tu ndiyo iliyokuwa tofauti yetu.

Fundi mkuu alipokuja na miwani yake kunieleza tena habari za kompyuta, nilimwambia, "Njoo upande nalo na mimi. Siku moja tu. Uone kwa macho yako."

"Mama, utaratibu wetu hauruhusu kwenda mbali hivyo na gari la mteja."

"Basi sitalichukua. Nitakuwa nakuja kukaa hapa."

Mzee akaingilia kati akiwa amekaa vilevile. "Nenda naye, mwanangu," alimwambia. "Kompyuta yako haijawahi kufika Mamba. Ifikishe."

Fundi alicheka, akavua miwani, akaipangusa. Alikwenda kuongea na meneja, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema atakuja Alhamisi, na gari atakuja nalo mwenyewe.

Alifika Same asubuhi. Nikashika usukani, tukapakia saruji nyingine ya kanisa lilelile, maana ujenzi ulikuwa bado. Yeye alikaa pembeni, kompyuta imelala mapajani na waya umechomekwa chini ya usukani. Nilikuwa na wasiwasi kwamba gari litaniaibisha kwa kuwa zima. Tulipita Kisiwani, tukaanza kupanda, kijani cha mashamba kikabaki chini yetu. Mahali palepale taa ikawaka.

"Usisimame," akasema. "Endelea kukanyaga."

Niliendelea. Gari likatambaa. Alisoma maandishi yake, akaomba nisimame bila kuzima, akashuka, akafungua boneti. Aliniambia nikanyage mafuta huku nimeshika breki, niachie, nikanyage tena. Injini ikibanwa na mlima na mzigo ilikuwa inalala upande mmoja, kidogo tu, na ikilala inauvuta mkongo wa nyaya, lile fungu la waya zilizofungwa pamoja, mpaka unagusa ncha ya chuma. Waya mmoja ulikuwa umechunika. Kwenye tambarare haukugusa. Himo usingegusa.

Alinisimamisha pembeni yake akanionyesha kwa tochi ya simu. "Huu hapa," alisema. "Sensa zote zile tulizobadilisha zilikuwa nzima, mama. Pole sana."

Aliufunga waya kwa utepe, akauvuta mbali na kile chuma kwa kamba ya plastiki, tukapanda. Gari lilipanda kama mbuzi. Sikuamini mpaka tulipoliona paa la kanisa.

Juu kule akina mama walimpa fundi chai na mfuko wa tangawizi. Aliniambia ameishi Moshi maisha yake yote na milima ya Upare ameiona kutoka barabarani tu, akienda Dar. Alisogea mpaka ukingoni, mahali unapoona tambarare ya Mkomazi yote mpaka inapochanganyika na anga, akapiga simu. Nilimsikia akimwambia mkewe, "Laiti ungeona nilipo." Akageuza simu amwonyeshe.

Nilisimama karibu na gari nimeshika simu yangu. Nilikuwa nimeshinda. Miezi ya kuambiwa sijui ninachosema ilikuwa imekwisha, na nilitaka kumwambia mtu. Wanangu walikuwa kazini, na isitoshe ningelazimika kuanza hadithi mwanzo, kwa kuwa nilikuwa nimewaficha ili wasiseme walinionya. Mtu pekee ambaye angeelewa kwa neno moja alikuwa mzee wa Bendera, na sikuwa na namba yake. Hatukuwahi kupeana. Tulijuana kwa Jumanne tu.

Jumanne nililipeleka gari wafunge mkongo mpya wa nyaya. Mzee alikuwepo. Nilimweleza yote, na alifurahi kwelikweli, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Kwa hiyo leo wanakukabidhi," akasema.

"Leo jioni."

"Alhamdulillahi." Akatazama gari langu lililokuwa limeinuliwa upande wa pili wa kioo. "Basi hutakuja tena."

"Nitakuja sevisi."

"Sevisi ni mbali."

Tukakaa. Televisheni ilionyesha mpira bila sauti. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Langu lilipona zamani, mwalimu."

Nikamwambia, "Najua, mzee."

Hakuuliza nimejuaje. Alivuta pumzi, nikaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Nyumbani nikikaa barazani, mtu anapita, ananisalimia, anaendelea na safari yake," alisema. "Ana kazi zake. Hapa mtu akikaa amekaa. Gari lake linamshika. Hata kama hataki kuongea na mimi, ataongea tu."

"Mimi nilitaka," nikamwambia.

"Najua. Kwa hiyo nikaongeza siku."

Tulipeana namba. Jioni walinikabidhi gari, na meneja akaniandikia sevisi za bure na kuongeza muda wa garantii. Habari za miezi niliyolipa bila gari alisema haziko mikononi mwake. Mzee alitoka nje kunisindikiza, akazunguka gari langu akiligonga magurudumu kwa ncha ya kiatu. Kisha akaenda nyuma ya jengo. Nilipotoka getini nilimwona kwenye kioo, yuko ndani ya gari lake dogo, ameshika usukani, hajaliwasha.

Nilimtembelea mara moja. Kiangazi kilikuwa kimeanza, nikateremka Bendera nikiwa na ndizi za mlimani na tangawizi. Alinipokea kwa heshima zote. Jirani yake alipika pilau. Alinikalisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa, naye akakaa mbali, mlango umefunguliwa wazi ili wapita njia waone. Na walipita, wengine mara mbili. Mjane wa Kilutheri kutoka Same amekuja kumtembelea mzee aliyefiwa na mke, kwa gari lake mwenyewe. Sikuona ubaya machoni mwao, ila waliangalia.

Jambo la ajabu ni kwamba hatukuwa na la kuongea. Aliniuliza habari za gari, nikasema linapanda. Nikamuuliza habari za shamba, akasema anamshukuru Mungu. Pale Moshi tulikuwa tukizungumza mpaka makande yanapoa, na hapa sebuleni kwake tulisikiliza saa ya ukutani. Tulikuwa wageni waungwana. Alipokuja kuniaga kwenye gari alisema, "Karibu tena," nami nikasema, "Asante, nitakuja," na wote wawili tulikuwa watu wazima wa kutosha kujua kwamba sitakuja.

Tuliendelea kupigiana simu. Kisha akaanguka bafuni. Wanawe wakaja wakamchukua kwenda Dar, wakarudisha gari kwa wenye mkataba kabla ya muda. Nilipokwenda sevisi nililiona uani pale gereji, kwenye magari ya kuuzwa, limeoshwa, lina karatasi kwenye kioo cha mbele. Niliweka kiganja changu juu ya boneti yake, kisha nikakiondoa, kwa kuwa muuzaji alikuwa anakuja akidhani nalitaka.

Sasa nikimpigia anapokea mkwewe, na mara nyingi mzee amelala. Akiwa macho tunasalimiana. Sauti yake imekuwa ndogo. Ananiuliza kama mvua imenyesha, namwambia imenyesha au haijanyesha.

Akina mama wa Mamba wamerudi, siyo wote. Gari halijaniangusha tena. Binti yangu alikuja likizo mwaka huu, nikampandisha mlimani, akalala njia nzima kichwa kikigonga kioo. Alikuwa amechoka na kazi, maskini. Siku ya kuondoka tuliwahi stendi ya Same, tukasubiri basi lake ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi.

"Mama, mkataba ukiisha, hili gari lirudishe," alisema. "Uje ukae na sisi Mwanza. Chumba kipo."

"Nitafikiria."

"Unasema hivyo kila siku."

"Nitafikiria kweli."

Basi likaja. Nilimbebea begi mpaka mlangoni, akanikumbatia, akapanda, akanipungia mkono kupitia kioo cheusi ambacho sikuweza kumwona vizuri ndani yake. Nikapunga mpaka basi likaingia barabara kuu. Nilirudi kwenye gari nikakaa bila kuwasha. Ilikuwa mapema, na sikuwa na mzigo wala miadi yoyote mpaka siku ya soko.

Wanawake wawili wakaja na viroba vya vitunguu, wakanigongea kioo. Sikuwajua.

"Shikamoo, mama. Unaelekea Kisiwani?"

Sikuwa naelekea kokote.

"Marahaba," nikawaambia. "Pandeni. Mmoja aje akae mbele."